Kiungo kimevimba kwa mtu aliyetibiwa ukoma: shika kwanza, uliza baadaye

Mtu amemaliza dawa mseto za ukoma, kadi imefungwa, jamaa zake wameshusha pumzi. Miezi kadhaa baadaye anarudi kliniki vidole vimejaa hadi pete haitoki, au kifundo cha mguu kimevimba hata ule mfupa wa pembeni hauonekani. Mara nyingi huambiwa ni baridi yabisi, akapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Hapo ndipo mikono na miguu hupotea. Uvimbe wa kiungo kwa mtu huyu una vyanzo kadhaa visivyofanana, na dawa ya kimoja ni hatari kwa kingine. Prednisoloni, dawa inayotuliza uvimbe kwa kushusha kinga, inaokoa mkono wenye riaksheni, yaani kinga ya mwili kuwaka dhidi ya bakteria wa ukoma au mabaki yao; lakini ndiyo hiyo hiyo itakayosambaza maradhi mwilini ikiwa ndani ya kiungo kuna usaha.

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa huyo, na wa ndugu anayemwuguza.

Kosa kubwa la kwanza hufanyika kwenye swali la kwanza: "Inauma?" Kwa mtu ambaye mishipa yake ya fahamu imekufa, maumivu si kipimo. Kifundo cha mguu kinaweza kuwa kinasagika ndani naye akatembea juu yake siku nzima bila kuchechemea. Ganzi haizuii joto, lakini. Penye uharibifu au uvimbe mkali ngozi huwa ya moto, na joto hilo mkono wako utalisikia hata kama mwenye mguu halisikii.

Kupima joto na uvimbe

Mwambie avue viatu na soksi zote mbili, mguu mzima na ule mgonjwa. Akae kivulini dakika 15 bila kufunika miguu. Aliyetoka juani au aliyenawa sasa hivi atakupotosha, kwa hiyo usiruke hatua hii hata foleni ikiwa ndefu.

Tumia mgongo wa vidole vyako, si viganja. Gusa mguu mmoja, kisha palepale kwenye mguu wa pili, kwa mkono uleule: kwanza kifundo, halafu katikati ya mguu upande wa juu, mkabala na unyayo, halafu mashina ya vidole. Mikononi gusa kifundo cha mkono, kisha fundo la kila kidole. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza kwenye ngozi, andika namba za pande zote mbili. Tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi au zaidi kati ya sehemu zilezile ni ishara ya hatari, hata mgonjwa akikuhakikishia hana taabu yoyote. Pande zote mbili zikiwa za moto kwa pamoja, kipimo hiki hakikusaidii kutofautisha. Angalia dalili za mwili mzima.

Bonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde 5 uone kama shimo linabaki. Zungusha futi ya kushonea mahali palipovimba zaidi, andika sentimita, na uandike ulipimia wapi, maana wiki ijayo mwenzako akipimia vidole viwili juu yake atadhani uvimbe umepungua.

Kisha geuza unyayo. Tazama katikati ya vidole, chini ya sugu, pembeni mwa kisigino. Sugu yenye weusi wa damu chini yake ni kidonda ambacho hakijafunguka. Kidonda kikiwepo, safisha, kisha ingiza kwa upole kijiti cha chuma kilichochemshwa au kutakaswa. Ukisikia kimegonga kitu kigumu kama jiwe, umefika mfupani, na uwezekano wa mfupa kuoza ni mkubwa.

Mwisho pima mishipa ya fahamu, kila mara, hata kama alikuja kwa ajili ya kidole kimoja tu. Papasa mshipa nyuma ya kiwiko, ule wa chini ya goti upande wa nje, na ule wa nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani: umenenepa? Anashtuka ukiugusa? Pima nguvu: kufunga macho, kutanua kidole cha mwisho, kuinua kidole gumba, kuinua kifundo cha mkono, kuinua unyayo. Pima ganzi kwa nyuzi za nailoni, gramu 2 kwa mkono na gramu 10 kwa mguu, au kwa ncha ya kalamu ukikosa nyuzi, ukigusa bila kukandamiza. Linganisha na kadi yake ya zamani. Nguvu au hisia iliyopotea ndani ya miezi 6 bado ina nafasi ya kurudi. Ikizidi hapo nafasi hiyo hupungua sana.

Ni kitu gani hasa?

Riaksheni aina ya pili ndiyo inayovimbisha viungo mara nyingi zaidi. Huwapata wale waliokuwa na bakteria wengi mwilini. Bakteria wakifa, mabaki yao hayaondoki mara moja. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, na mchanganyiko huo hunasa kwenye mishipa midogo ya damu, kwenye ngozi, kwenye viungo na machoni. Ndiyo maana inaweza kumpata mtu akiwa katikati ya dawa, au miaka kadhaa baada ya kuzimaliza. Dalili zake huja kwa kundi: homa, vinundu vyekundu vinavyouma vikiguswa usoni, mikononi na mapajani, viungo kadhaa kuvimba kwa pamoja (magoti, vifundo, vidole), tezi kuvimba, korodani kuuma, jicho kuwa jekundu. Vidole vinaweza kufura kuanzia shina hadi ncha. Vinundu hupotea baada ya siku chache na vingine huota. Usipoviona leo, mwulize kama aliviona juzi.

Riaksheni aina ya kwanza hutokea zaidi katika miezi 6 ya mwanzo ya matibabu, na kwa wanawake baada ya kujifungua. Hapa mabaka ya zamani ndiyo yanayoamka: yanakuwa mekundu, yanainuka, yanapata joto. Mkono au mguu wote huvimba, si fundo moja, na mgonjwa mara nyingi hana homa. Hatari yake kubwa iko kwenye mishipa ya fahamu. Mtu hulala akiwa na kidole kinachonyooka akaamka hakinyooki.

Cha tatu ni kiungo kinachobomoka kwa sababu ya ganzi, ambacho madaktari hukiita kiungo cha Charcot. Ni kifundo cha mguu au katikati ya unyayo, upande mmoja, cha moto, chekundu, kimevimba sana, na maumivu hayalingani kabisa na ukubwa wa uvimbe. Hakuna homa, hakuna vinundu, mara nyingi hakuna kidonda. Ukiuliza sana utasikia aliteleza au alitembea mwendo mrefu wiki iliyopita, akasahau. Eksirei ya mapema inaweza kuonyesha mifupa mizuri kabisa. Usimruhusu aondoke kwa miguu yake kwa sababu ya picha hiyo.

Cha nne ni usaha. Kidonda cha unyayo au cha kidole kilichopenya hadi kiungo, fundo moja limejaa, pengine harufu, pengine tezi ya kinena imevimba. Homa inaweza isiwepo, hasa kama tayari yuko kwenye prednisoloni.

Kuwatenganisha hawa wawili wa mwisho kuna jaribio dogo lisilo na gharama. Mlaze, inua mguu juu ya usawa wa moyo, ushikilie hapo dakika 5 hadi 10. Wekundu wa kiungo kinachobomoka hufifia. Wa usaha hubaki palepale. Si hukumu ya mwisho, na yote mawili yanaweza kukaa kwenye mguu mmoja. Lakini mguu wenye kidonda kinachogonga mfupa, na wekundu usiofifia, utendee kama wenye usaha hadi hospitali ithibitishe vinginevyo.

Kuna pia maumivu ya viungo ya muda mrefu, ya pande zote mbili, kwenye vifundo vya mikono na vidole, yanayokaza asubuhi. Yanafanana na baridi yabisi kiasi kwamba mtu hupimwa damu, kipimo kinatoka chanya, na anaanzishiwa dawa za baridi yabisi za maisha. Ukoma wenyewe, hasa ule wa bakteria wengi, unaweza kukifanya kipimo hicho kitoke chanya. Anayetuma damu maabara aandike kwenye fomu kwamba mgonjwa aliwahi kutibiwa ukoma.

Dawa nazo zichunguzwe. Aliyebadilishiwa dawa za ukoma akapewa ofloksasini, aina ya kiuavijasumu, akalalamikia kano ya nyuma ya kisigino, asimamishe dawa hiyo na aonwe na daktari kabla kano haijakatika. Hatari huongezeka akiwa pia anatumia prednisoloni. Na shavu la mguu mmoja likivimba ghafla likauma, fikiria damu iliyoganda mshipani. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishajua, fanya hivi

Anayeendelea na dawa mseto aendelee nazo. Riaksheni si madhara ya dawa wala si dalili kwamba dawa zimeshindwa, na kuziacha kunawaacha bakteria hai. Aliyemaliza dozi yake kamili haanzishiwi upya kwa sababu tu ya riaksheni. Ukoma kurudi huja polepole, kwa mabaka mapya yasiyouma, kwa kawaida miaka kadhaa baada ya kumaliza. Riaksheni huja kwa siku au wiki.

Riaksheni nyepesi ya aina ya pili, yenye vinundu vichache na viungo vinavyouma kidogo bila mshipa wa fahamu, jicho wala korodani kuguswa, hutulizwa kwa mapumziko na parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, au aspirini miligramu 600 baada ya chakula hadi mara 4 kwa siku. Aspirini si ya watoto. Mwone tena ndani ya wiki.

Ikiwa viungo vimevimba vya kutosha kumzuia kushika kikombe au kutembea, au mshipa wa fahamu umeguswa, inahitajika prednisoloni. Kabla ya kidonge cha kwanza:

- hakikisha hakuna usaha kwenye kiungo wala kidonda ambacho hakijatibiwa;
- uliza kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku, kukonda; akiwa navyo, pima kifua kikuu kwanza;
- pima sukari na shinikizo la damu, uliza vidonda vya tumbo na ujauzito;
- mpe dawa ya minyoo. Kuna minyoo midogo ya utumbo, strongiloidi, ambayo mtu huishi nayo miaka bila kujua. Prednisoloni ikishusha kinga husambaa mwilini na inaweza kuua. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo ndiyo inayowamaliza vizuri zaidi (isipokuwa kwenye maeneo yenye minyoo ya loa, ambako ushauri wa daktari ni lazima). Pasipo nayo, albendazoli miligramu 400 kwa siku kwa siku 3.

Ratiba ya kawaida kwa mtu mzima ni wiki 12, kwa vidonge vya miligramu 5, vyote mara moja asubuhi baada ya kula: vidonge 8 kwa wiki 2, kisha 6, kisha 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, kila hatua wiki 2. Jumla ni vidonge 336. Vihesabu stoo kabla hujaanza, maana dawa kuisha wiki ya tano ni balaa. Aliyetumia zaidi ya wiki 3 akaacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kushuka shinikizo, kwa kuwa tezi zake zimeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe. Mwandikie ratiba kwenye karatasi kwa kuchora miduara ya vidonge, si kwa miligramu. Dozi haizidi miligramu 1 kwa kilo ya uzito. Watoto, wajawazito na wenye kisukari waanzishwe na daktari.

Kila wiki 2 pima uzito, shinikizo, sukari, joto la kiungo, sentimita za uvimbe, nguvu na hisia. Kiungo kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Mshipa wa fahamu huchukua wiki nyingi. Pasipo nafuu yoyote baada ya wiki 4, mpe rufaa. Na hapa kuna mtego: mgonjwa anajisikia vizuri siku ya nne, anagawa vidonge vilivyobaki au anavitunza "vya wakati mwingine". Mwambie mapema, na mwenzake nyumbani asikie, kwamba kuisha kwa maumivu si kuisha kwa dozi.

Usimchanganyishie prednisoloni na diklofenaki au ibuprofeni bila ulazima. Tumbo hutoka damu. Akitaka nafuu ya ziada, ongeza parasetamoli.

Aina ya pili ina tabia ya kurudi kila dozi ikishuka. Mgonjwa anapokuwa sawa kwenye vidonge 4 na kuwaka tena kwenye 2, kwa mara ya pili au ya tatu, si uzembe wake. Huyo huongezewa klofazimini, mojawapo ya dawa mseto za ukoma, kwa dozi kubwa: miligramu 100 mara 3 kwa siku hadi wiki 12, kisha mara 2 kwa siku wiki 12, kisha mara 1. Haifanyi kazi upesi, hesabu wiki 4 hadi 6, ndiyo maana huanzwa pamoja na prednisoloni. Ngozi itakuwa nyeusi au ya rangi ya shaba na itakauka. Mweleze hilo siku ya kwanza, kwani wengi huacha dawa kwa kuona aibu ya rangi hiyo. Thalidomidi, dawa nyingine ya riaksheni hii, ipo na ina nguvu, lakini dozi moja tu inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Iachwe mikononi mwa bingwa, na kamwe isikae kabatini ambapo mtu mwingine anaweza kuichukua.

Jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga, mboni ikiwa ndogo au si ya duara, haliwezi kungoja. Ni rufaa ya siku hiyo.

Kupumzisha mkono

Kiungo chenye moto hakinyooshwi kwa nguvu wala kuchuliwa. Kifunge kwa banzi lenye pamba nene: kifundo cha mkono kimeinuka nyuma kidogo, kama nyuzi 30, mafundo ya shina la vidole yamekunjwa karibu pembe mraba, vidole vyenyewe vimenyooka. Mkono uliovimba ukiachwa ujikunje wenyewe kwenye mto kwa wiki 3 utapona ukiwa umepinda. Fungua banzi asubuhi na jioni utazame ngozi, kwa sababu ganzi haitamwambia kwamba ukingo unamchimba. Lala na mkono juu ya mto. Moto ukipungua, mkono wa pili ukunje na kunyoosha kila fundo taratibu mara 5 hadi 10, mara 2 kwa siku.

Marufuku maji ya moto, chupa ya moto, kitambaa cha moto na barafu. Ngozi isiyosikia huungua ndugu akiwa anadhani anasaidia. Maji yawe ya kawaida tu.

Kiungo kinachobomoka

Hapa tiba ni moja, nayo ni kuondoa uzito. Prednisoloni haina kazi, dawa za maumivu hazina kazi. Kila hatua anayokanyaga inaponda mifupa iliyolegea, na unyayo ukishaporomoka katikati na kugeuka duara, atapata vidonda hapo maisha yake yote.

Bora kuliko vyote ni plasta ngumu, kama ile ya kufungia mfupa uliovunjika, inayokumbatia mguu wote hadi chini ya goti, ikifungwa na mtu aliyefunzwa. Badilisha ya kwanza kabla au ifikapo siku ya 7, kwani uvimbe hushuka haraka, plasta inalegea, inacheza na kuchuna ngozi isiyosikia. Baadaye badilisha kila wiki 1 hadi 2, ukipima joto kila inapofunguliwa. Pasipo mfungaji, magongo au kiti cha magurudumu pamoja na banzi la nyuma la plasta lenye pamba ni bora kuliko kumwambia "punguza kutembea". Hakuna apunguzaye. Usifunge plasta juu ya usaha.

Mfundishe dalili za kurudi siku ileile: harufu, doa linalopenya plasta, homa, tezi ya kinena, plasta kucheza, vidole kubadilika rangi. Inua kiatu cha mguu wa pili ili kimo kilingane, na uukague kila mara, maana sasa unabeba mwili wote.

Kazi hii huchukua miezi, mara nyingi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Plasta inaondoka pale tofauti ya joto inapokuwa chini ya nyuzi 2 kwa vipimo kadhaa mfululizo na eksirei inaonyesha mfupa umeshikana, si pale mgonjwa anapochoka. Kisha kiatu chenye soli ngumu chini na laini ndani, mwendo mfupi siku za kwanza, na kupima joto jioni. Joto likirudi, mguu unarudi kwenye plasta.

Chenye usaha

Usianze prednisoloni. Kama tayari anaitumia, usiikate ghafla. Andika dozi kwenye rufaa. Funga kidonda kwa kitambaa safi kikavu, inua mguu, mpeleke hospitali siku hiyo. Maji ya kiungo yanyonywe kwa sindano kabla ya dozi ya kwanza ya viuavijasumu ikiwezekana, kupitia ngozi nzima, si kupitia kidonda. Hospitali ikiwa mbali, dozi ya kwanza hutolewa kwa ushauri wa simu wa daktari, na saa iandikwe.

Kabla hajaondoka

Hata aliyetulia aende na karatasi yenye namba zake: joto kulia na kushoto, sentimita za uvimbe, nguvu ya kila msuli, tarehe. Nyumbani, kila jioni, mtu mwenye mikono yenye hisia aguse miguu na mikono yake yote kwa mgongo wa vidole, atazame unyayo, aingize mkono ndani ya viatu kutafuta misumari na mawe. Fundo lililo la moto kuliko mwenzake kwa siku mbili mfululizo linarudishwa kliniki, liwe linauma au haliumi.